Fataki na Jirani

Tuseme baba mmoja wa Mahagi anamwoza binti yake, naye ataka usiku wa arusi ung'ae. Mfanyabiashara avukaye mpaka kule Goli amemletea sanduku la fataki. Fedha ni yake, kiwanja ni chake, na furaha ni yake. Je, kuna la kuuliza tena?

Wengi watajibu: Hakuna, ila ajihadhari na moto. Hao wasema kweli, lakini nusu tu. Fataki si mchezo wa watoto. Ndani yake mna baruti, yaani shura, makaa na salfa, pamoja na madini ya kutia rangi: shaba hutoa buluu, bariumu hutoa kijani, strontiumu hutoa nyekundu. Hata kile kijiti cha kumeremeta ambacho watu humpa mtoto ashike huwaka kwa joto la nyuzi 1,000 hata zaidi. Basi baba huyo asome maandiko ya sanduku mchana, kabla ya giza. Achague mahali mbali na nyumba za majani, maana mwezi wa Januari majani ya mapaa yetu ni makavu sana. Mabomba ayasimamishe katika mchanga, ndoo za maji ziwe karibu, na mwenye kunywa pombe asiguse kitu. Fataki iliyokataa kuwaka asiirudie. Aiache kitambo kirefu, kisha aizamishe majini.

Haya yote ni rahisi. Neno gumu ni mlio, kwa sababu ndoo haiuzimi, wala ua hauuzuii.

Tangu Desemba 2017, vita viliporudi Djugu, watu wengi walikimbilia sehemu zetu. Katika kambi ya Plaine Savo, usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, waliuawa watu zaidi ya 60, nao walikuwa wamekwisha kukimbia mara moja. Mama aliyeponyoka usiku wa namna hiyo aweza leo kuwa mpangaji nyuma ya ua wa baba yetu. Akisikia mshindo gizani, haulizi kama ni arusi. Abeba mtoto na kuingia porini. Hata askari wa zamu, yeye naye atadhani nini?

Mtu aweza kunijibu: Basi tusifurahi mpaka vita viishe? Mbona ngoma ina kelele kucha, wala hukatazi? Swali hili ni la haki. Waliokimbia nao huoza binti zao, nao hucheza. Lakini ngoma hutangaza habari yake yenyewe: aisikiaye, hata ng'ambo ya bonde, ajua kuna arusi. Fataki ya mshindo husema neno lile lile la bunduki. Mwenye kuiwasha hataki kudanganya mtu, lakini mlio wake umekwisha kudanganya kilima kizima.

Mwingine asema atawaarifu majirani na chifu. Ni adabu njema, na asiache kufanya hivyo. Ila habari hiyo itafika nyumba kumi, na mshindo utafika vijiji vitatu.

Huko Italia, mji wa Collecchio uliagiza watu watumie fataki zisizo na kishindo, wanyama wasipate hofu. Sicheki, mbwa nao huteseka. Lakini ikiwa mbwa wamefikiriwa, sioni jinsi mama wa Djugu atakavyosahauliwa. Zipo fataki zinazorusha cheche kama chemchemi, za rangi nzuri, zenye sauti ndogo tu. Hizo baba aziwashe, na watoto wa mpangaji waitwe waje kutazama.

Na zile za mshindo alizokwisha kuzilipa? Kumrudishia mfanyabiashara ni kuupeleka mlio kwenye kilima kingine. Nionavyo mimi, azitie katika ndoo ile ile ya maji, zilale humo usiku kucha, na hasara yake aihesabu pamoja na mchele na nyama ya arusi.