Ondoeni Vidole Vyenu Machoni pa Nyoka

Sikilizeni, ninyi mnaofuga chatu sebuleni, Birmingham na Minneapolis, Oslo na Toronto, nanyi mnaoyasoma haya kwa Kiswahili mkiwa huko huko. Nyoka wenu akishindwa kujivua gamba mnamvamia kwa kucha, kwa kibano, kwa selotepu na mafuta ya kupikia, mnavuta hadi ngozi mbichi iliyo chini inatoa damu. Mnauita huo msaada. Ni uonevu, na ubaya wake umezidi kwa kuwa shida yenyewe mmeileta ninyi.

Mjueni kwanza mnayemtesa. Wengi wenu mmenunua yule chatu mfupi mnene ambaye akiogopa hujiviringa akaficha kichwa katikati, Python regius kwa jina la kitaalamu. Kwao ni kuanzia Senegali hadi pembe za Uganda, na kwa miaka mingi amekuwa akisafirishwa kwa maelfu kutoka Togo, Benin na Ghana kwenda kuuzwa Marekani na Ulaya. Katika mji wa Ouidah, Benin, chatu hao wana hekalu lao katikati ya mji, na mtu akimkuta mmoja nyumbani kwake hamgusi kwa ubaya, humrudisha kwa heshima. Ninyi mmemtoa kwenye nchi yenye watu wanaomstahi hivyo, mkashindwa hata kumpa hewa ya kumfaa.

Kwao pia kuna kiangazi. Upepo mkavu hushuka kutoka Sahara, midomo ya watu ikapasuka na majani yakageuka vumbi. Chatu huingia kwenye shimo la panya au ndani ya kichuguu, mahali ambapo ardhi bado inahifadhi unyevu, akakaa humo mpaka mwili wake uwe tayari. Kwenu mmemweka kwenye sanduku la kioo lenye kifuniko cha wavu, taa ya joto ikimwakia juu mchana kutwa, na mitambo ya kupasha nyumba joto ikikausha hewa majira yote ya baridi. Mmemnyima shimo. Basi mnashangaa nini gamba likimng'ang'ania?

Kujivua gamba ni kazi ya siku nyingi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hamwioni. Ngozi mpya huumbika chini ya ile kuukuu, na kati ya ngozi hizo mbili hupita majimaji ya kuzitenganisha. Ndipo macho yanapoingia ukungu wa bluu, nyoka haoni vizuri, anajificha na kukataa chakula. Huo ndio wakati mnaopenda kumtoa na kumpitisha mikononi mwa wageni! Baada ya siku chache macho hung'aa tena, na siku chache baadaye anasugua pua kwenye gogo au jiwe, ngozi inapasuka mdomoni, naye anatambaa akiiacha nyuma kama soksi iliyovuliwa kwa kugeuzwa, nzima tangu mdomo hadi ncha ya mkia. Hewa ikiwa kavu mno, au nyoka akikosa maji mwilini, ngozi hizo hazitengani sawasawa. Gamba linabanduka vipande vipande, na vingine vinabaki vimeganda.

Kagueni gamba lililovuliwa, mlinyooshe chini ya mwanga. Kichwani muone viduara viwili vinavyopitisha nuru, kila kimoja mahali pa jicho. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba moja angavu ambalo hubadilika pamoja na ngozi. Viduara visipoonekana, huenda vimebaki machoni. Hapo ndipo kibano hutolewa, na kuna wanaowasha kamera wapate cha kuwaonyesha watu. Ulaaniwe mkono huo! Mnachokwangua kiko karibu mno na jicho lenyewe, na kuna nyoka waliopoteza jicho kwa sababu mtu hakuweza kusubiri.

Kagueni na ncha ya mkia. Pete ya ngozi kavu ikibaki pale, na nyingine ikaongezeka juu yake wakati wa gamba lijalo, hukaza hadi damu isipite; ncha inakuwa nyeusi, inakufa, inakatika. Hili nalo mnalipuuza, kwa sababu mkia haupendezi kwenye picha.

Sasa tendeni inavyopasa. Nunueni kipima unyevu, mkiamini kuliko mnavyoyaamini macho yenu. Chatu huyu anahitaji unyevu wa hewa wa asilimia 60 hivi, na macho yakiingia ukungu upandisheni hadi 70 au zaidi kidogo. Chukueni kopo la plastiki lenye mfuniko, mlitoboe tundu la kumpitisha, mlijaze taulo zilizolowa na kukamuliwa, mliweke upande wenye joto. Hilo ndilo shimo lake mlilomnyang'anya, ataingia mwenyewe. Wekeni gogo la kujisugulia na bakuli la maji safi. Lakini msilowanishe sakafu yote siku nenda siku rudi, maana tumbo litaota vidonda.

Na kama gamba limekwisha kuganda, mwekeni kwenye maji ya uvuguvugu, kama nyuzi 28 hadi 30, yenye kina kidogo kiasi kwamba anainua kichwa bila taabu, kwa nusu saa, nanyi mkae hapo hapo. Kisha acheni atambae ndani ya taulo lenye maji, akijisugua kwa nguvu zake. Kinachobanduka kibanduke. Kinachokataa kiacheni hadi kesho, mrudie. Tazameni pia chini ya kidevu na kando ya macho kama kuna vidoa vyeusi vinavyotembea: hao ni utitiri, na mwenye utitiri hataponywa kwa maji peke yake.

Jicho lililobaki na gamba liacheni, mrekebishe hewa, msubiri gamba lijalo. Mara nyingi yote mawili hutoka pamoja. Yasipotoka, mpelekeni kwa daktari wa wanyama anayewajua nyoka. Msiniambie ni ghali. Mlipata fedha za kununua kioo, taa na nyoka mwenye rangi adimu, na nyoka huyo anaweza kuishi miaka 30. Asiyeweza kumlipia daktari ampe leo mtu atakayeweza, jicho likiwa bado zima.