Muchezaji Akizeeka, Anatudai Nini?

Hakuna mutu wa Lubumbashi asiyejua mabishano haya. Siku ya Mungu jioni, mupira umekwisha, watu wanatoka stade, wanaingia mu Kamalondo, wanakaa mbele ya chupa, na kesi inaanza. "Bamutoshe! Alishachoka, miguu haiendake tena." Mwingine anajibu: "Weye mutoto, ulizaliwa wakati gani? Huyu ndiye alitufikishaka Abu Dhabi!" Kesi inaendelea mupaka usiku, na hakuna hakimu.

Sisi tumekaa mara nyingi mu kesi hizo, na sisi pia tumesema maneno makali. Tunaandika kwa sababu tunaona haiko kesi ya mupira tu. Ni ulizo la desturi yetu: mutu aliyetupa furaha, nguvu zikimwishia, anatudai nini?

Tuanze na Robert Kidiaba, kwa kuwa juu yake tulibishana kuliko wote. Alizaliwa mwaka 1976. Alikuwa golini wakati Mazembe ilipochukua kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 2009 na 2010, tena mu mwezi wa 12 wa 2010 kule Abu Dhabi, tulipopiga Internacional ya Brazil 2 kwa 0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika finale ya kombe la dunia la klabu. Inter ya Italia ilitufunga 3 kwa 0, lakini dunia yote ilikuwa imekwisha kumuona akirukaruka juu ya matako. Miaka ikapita. Washabiki wakaanza kuhesabu: anatoka vibaya, anachelewa kushuka chini. Kisha kombe la Afrika la 2015. Tarehe 31 mwezi wa kwanza, wandugu wa Brazzaville wakatutangulia mabao 2, na wale wa "bamutoshe" wakapata nguvu mu kila barza. Léopards wakarudisha 4. Muzee akaruka tena, na kesho yake akafikisha miaka 39. Inchi ikarudi na nafasi ya tatu.

Wanaotetea wazee wanapenda kutaja siku hiyo. Wanaongeza Roger Milla wa Cameroun, aliyefunga mabao 4 mu kombe la dunia la 1990 akiwa na miaka 38. Tunakubali. Lakini mifano hiyo haijibu ulizo. Inasema tu kwamba wazee hao walikuwa bado wanaweza. Kama tunamuheshimu muzee kwa sababu bado anaweza, basi hatuheshimu uzee, tunaheshimu nguvu iliyochelewa kuondoka.

Na yule ambaye nguvu zimekwisha kweli? Wengine watatuambia: penye wazee haliharibiki neno. Sawa, lakini mezali inataja neno, haitaji goli. Mu vijiji vya wazazi wetu muzee hakulazimishwa kupanda mungazi. Kijana alipanda, muzee akakaa chini na kibuyu chake, na hakuna aliyesema kwamba pombe haimuhusu. Zilikuwa nafasi mbili, ya kupanda na ya kukaa. Mu mupira tunazichanganya. Wamoja wanataka muzee apande mupaka aanguke. Wengine, wakiona hawezi kupanda, wanamunyima hata kibuyu.

Tena kuna mutu ambaye hatumutaji kamwe mu barza: golikipa wa pili. Yeye pia anazeeka, pale pale juu ya banc. Kila mwaka tunaomupa mukubwa kwa heshima, tunautosha mu maisha yake. Ni rahisi kutoa heshima ambayo mwingine ndiye anailipa. Kwa hiyo sisi tuko upande wa kumutosha.

Lakini namna ya kumutosha! Hapo tunaona haya. Mwaka mumoja (jina tunaliacha) stade nzima tulimupigia miluzi mutu aliyekosa mupira mara tatu. Tulimuita majina ambayo hayawezi kuandikwa mu kitabu hiki. Nyumbani, kijana hamuambii baba yake usoni kwamba amechoka. Anatuma mujomba, anatuma rafiki wa rika lake, na neno linafika pole pole, usiku. Sisi, maelfu ya watoto, tulimuambia muchana, mbele ya bibi yake.

Na kisha? Tumuangalie Ndaye Mulamba. Mwaka 1974, kule Misri, alifunga mabao 9 mu kombe moja la Afrika. Mupaka leo hakuna aliyeyafikia. Mwaka 1994 watu wenye silaha walimupiga risasi ya muguu. Akakimbilia Afrika ya Kusini, na kule Cape Town akachunga magari ya watu. Mwaka 1998, mu kombe la Afrika la Burkina Faso, watu walisimama dakika moja ya kimya juu yake, kwa kuwa habari ilisema amekufa. Kumbe alikuwa hai. Hakuna aliyekuwa ameulizia maisha yake, lakini kifo ambacho hakikuwa kilisimamisha kiwanja kizima. Alikufa kweli mwaka 2019, kule kule Afrika ya Kusini.

Tuliposema hayo mu barza yetu, muzee mumoja, aliyefanya kazi miaka 31 kisha akapewa karatasi ya kupumzika, alitujibu na hasira. "Munasema aheshimiwe kando. Kando ni wapi? Miye baliniwekaka kando. Banasalimiaka: jambo muzee! Na banapita. Mumuache adake mupira yake."

Hatukupata jibu siku ile. Juu ya goli, tunafikiri bado amekosea. Yule kijana wa banc hakumuona. Lakini juu ya hilo neno "kando" alisema kweli: mahali hapo hatujapatengeneza. Klabu inaweza kumupa muzee watoto wa kufundisha, na kiti chake mu stade. Na sisi washabiki, tunaochanga franga juu ya ngoma na rangi, hatujawahi kuchanga juu ya dawa ya mutu.

Yule tuliyemupigia miluzi, tulimuona mwaka uliopita penye mulango wa stade. Alikuwa mu mustari wa tiketi, franga zake mukononi. Mumoja wetu akamuita apite mbele. Akakataa, akatuuliza tu: "Leo golini nani?"