Mhusika Akifa, Simamisheni Mchezo

Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo wa Dungeons & Dragons nchini Marekani, kifo kilikuwa jambo la dakika moja. Mhusika wako akiishiwa pointi za uhai, amekufa. Unachukua karatasi mpya, unarusha dadu, unabuni mwingine, safari inaendelea. Gygax aliandika pia Tomb of Horrors, kaburi lililojaa mitego, lililochezwa mashindanoni mwaka 1975 ili kuwapima mabingwa waliodhani wahusika wao hawashindiki.

Wachezaji wengi wa leo hawaishi na wahusika wao hivyo. Watu wanakusanyika mezani. Msimulizi anauendesha ulimwengu, na kila mmoja wa waliobaki anambeba mtu wake: anamsemea, anamwamulia, anambunia wazazi, madeni na hofu. Miezi ikipita, mtu huyo amekuwa rafiki wa meza nzima. Akifa, kuna anayelia kweli, na sioni aibu yoyote katika machozi hayo. Aliyeweka moyo wake mahali ana haki ya kuumia hapo.

Kanuni za mchezo wa Gygax na Arneson nazo zimelegea. Katika toleo lake la 2014, anayefikia pointi sifuri za uhai kwa kawaida hafi papo hapo. Kila zamu yake anarusha dadu ya pande 20: kumi na kuendelea amefaulu, chini ya hapo ameshindwa. Akifaulu mara tatu hali yake inatulia. Akishindwa mara tatu, amekwenda.

Hapo ndipo msimulizi mwenye huruma anapotiwa majaribuni. Anarusha dadu ya adui nyuma ya kiwambo chake, anaona pigo ni la kuua, kisha anatangaza namba nyingine. Namwelewa, lakini simuungi mkono. Chukua mhusika aliyebaki darajani ili wenzake wakimbie: alijua anaweza kufa. Ukimwokoa kwa siri, umemnyang'anya ujasiri wake, na siku wachezaji watakapogundua watatilia shaka hata ushindi walioupata kwa haki.

Asiyetaka kifo mezani aseme kabla dadu haijarushwa. Katika Ten Candles, mchezo wa Stephen Dewey, wachezaji wanajua tangu mwanzo kwamba wahusika wote watakufa. Wanarekodi ujumbe kwa sauti za wahusika hao, kisha wanausikiliza mwishoni, wahusika wakiwa hawapo tena. Kundi jingine linaweza kukubaliana kwamba hafi mtu bila ridhaa ya mchezaji wake. Njia zote mbili ni halali, kwa kuwa kila aliyeketi amezikubali.

Kuna sharti moja katika Dungeons & Dragons ninalolipenda sana. Kuhani mwenye almasi ya thamani ya vipande 500 vya dhahabu anaweza kumfufua aliyekufa kwa siku zisizozidi 10, lakini roho yenyewe lazima iwe radhi kurudi. Almasi haitoshi. Mwenye neno la mwisho ni mchezaji, ambaye pengine anaona maisha ya mtu wake yametimia na hataki yaendelee. Wenzake wasimshinikize kwa sababu tu wanamhitaji vitani. Wamuulize, kisha waheshimu jibu lake, hata kama jibu hilo litawagharimu vita.

Kinachoniumiza zaidi ni kuona mwili haujapoa na wenzake wameshaanza kugawana upanga, viatu na pesa zake. Kwetu mirathi haigawanywi kabla ya maziko, na sioni kwa nini mezani iwe vingine. Mpeni mchezaji nafasi ya kusema maneno ya mwisho ya mtu wake. Waliobaki wamzike wanavyoona inafaa. Kisha msimwache mwenzenu ameketi usiku mzima mikono mitupu. Mpeni sauti ya mlinzi, ya mzee wa kijiji, hata ya adui, mpaka atakapokuwa tayari kuanza na mtu mpya.

Wewe unayesimulia, kabla ya kikao kijacho muulize kila mchezaji wako, mmoja mmoja: mtu wako akifa, ungependa tufanye nini? Jibu liandike, na siku ikifika lifuate.