Bibi Loisi na Maji ya Bamvua

Soma kwa ajili ya somo hili: Kut. 20:8–11, Zab. 78:1–8, Mhu. 9:5, 6, Mdo. 9:36–42, Mdo. 14:8–18, Mdo. 16:1–3, 1 The. 4:13–18, 2 Tim. 1:1–8, 3:14, 15.

Fungu la kukariri: 2 Timotheo 1:5.

Paulo yumo kifungoni Roma, naye anajua kwamba siku zake zinakaribia kwisha. Katika barua hiyo hiyo anaagiza joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na anamsihi Timotheo aje kabla baridi haijaingia (2 Tim. 4:13, 21). Mtu aliye katika hali hiyo hapotezi wino. Hata hivyo, mara tu baada ya salamu anamtaja bibi kizee kwa jina. Loisi hatajwi tena popote katika Biblia. Hakuna habari ya miaka aliyoishi, wala kazi ya mikono yake, wala siku aliyozikwa. Kinachojulikana ni kwamba imani ya kweli ilikuwa ndani yake kabla haijaonekana kwa Eunike na kwa Timotheo.

Soma Matendo 16:1–3. Je, nyumba aliyolelewa Timotheo ilikuwa rahisi kwa imani?

Baba yake alikuwa Myunani, na mtoto hakuwa ametahiriwa. Ikiwa Loisi alikuwa mama mzazi wa Eunike, kama wengi wanavyoelewa, basi alimwona binti yake akiingia katika ndoa ambayo huenda hakuiombea. Tena Luka anataja sinagogi la Ikonio, lakini Listra hataji hata moja. Anasimulia tu habari za watu waliotaka kuwachinjia ng'ombe Paulo na Barnaba wakidhani ni miungu. Katika mji huo mtoto aliyajua Maandiko tangu utoto (2 Tim. 3:15). Aliyajulia wapi, kama si nyumbani?

Pwani ya Bagamoyo inaelewa habari ya namna hii. Mwaka 1903 wamisionari Waadventista waliotumwa kutoka Ujerumani walishukia Dar es Salaam, wakaenda kuanza kazi milimani Upare. Pwani walipita tu. Ndiyo maana Wasabato wengi wa vijiji vya pwani ni watu waliokuja na imani yao kutoka bara, wakaishi kati ya majirani Waislamu, mara nyingi wakiwa familia moja au mbili tu.

Mfikirie bibi mmoja wa namna hiyo, mkulima wa mwani Mlingotini. Wanawake wa huko hufunga mbegu kwenye kamba, hukaza kamba kwenye vigingi katika maji mafupi ya ghuba, na baada ya wiki sita hivi huvuna na kuanika. Kazi hiyo haifanyiki siku yoyote mtu apendayo. Inangoja bamvua, siku chache za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapokupwa sana na shamba kuwa wazi. Na katika pwani hii, maji ya bamvua hukupwa zaidi asubuhi kuelekea mchana, panapo saa nne hivi. Bamvua likiangukia Jumamosi, saa ya kuingia shambani ndiyo saa ya Shule ya Sabato.

Bibi huyo hakuingia majini. Ijumaa alifanya maandalio: alikaza vigingi kadiri maji yalivyomruhusu, akapika, akateka maji, na jua lilipozama akawakusanya wajukuu wafungue Sabato. Kesho yake wenzake walipita na kamba mabegani. Zipo Jumapili alizokuta kamba imekatika na mwani umechukuliwa na mkondo. Jirani yake, Mwislamu, alijitolea zaidi ya mara moja kumfanyia kazi siku hiyo kwa malipo kidogo. Alikataa. Amri, alisema, inamtaja hata mgeni aliye malangoni. Hawezi kupumzika yeye kwa kumtuma mwenzake. Lakini siku za Idi, shamba la jirani lilitazamwa na yeye.

Hakuwa malaika. Alikuwa na ulimi mkali, na alinung'unikia bei ya mwani kila msimu. Mwanawe mmoja aliacha kanisa, na bibi alifariki hajamwona akirudi. Katika hilo pia anafanana na nyumba ya Listra: hakupanga yote, na si kila alichoomba alikiona.

Soma Mhubiri 9:5, 6 na 1 Wathesalonike 4:13–18. Bibi aliyelala katika Kristo anaweza kuwafanyia nini wajukuu wake leo?

Hapa fundisho hili linabana. Watu wengi wanaofiwa hujifariji kwamba marehemu anawaangalia na kuwaombea. Biblia haitoi faraja hiyo. Bibi amelala, hajui kama ni Sabato au Jumatatu, hajui kama bamvua limefika. Tarumbeta itakapolia ndipo atakapoamka. Kwa hiyo kati ya kaburi na tarumbeta, yale aliyoyajua hayana mahali pa kukaa isipokuwa ndani ya mtu aliye hai. Zaburi ya 78 inalijua jambo hili: kizazi kisichosimuliwa husahau. Na Paulo hamtaji Loisi ili kumsifu tu. Mstari unaofuata unamwagiza Timotheo aichochee karama ya Mungu iliyo ndani yake. Moto wa bibi haukumtosha mjukuu.

Kule Yafa, wajane hawakumpa Petro hotuba juu ya Dorkasi. Walimwonyesha nguo (Mdo. 9:39). Mjukuu aliyeachiwa shamba la mwani Mlingotini ameachiwa kamba, vigingi, na madaftari ya shule ambayo ada yake yalilipa magunia ya mwani. Sasa mwezi umeandama Alhamisi. Jumamosi asubuhi maji yatatoka, mwani umekomaa, na mdogo wake anadaiwa ada. Anasimama mlangoni, Biblia ya bibi iko juu ya meza. Jirani Mwislamu anapita na kamba zake, anamtazama, anasema, "Mjukuu wangu, leo bibi yako asingekwenda." Kisha anaendelea na njia yake.

Maswali ya kujadili:

Jirani huyo aliyajuaje hayo? Je, kuna jirani asiye Mwadventista anayeweza kusema jambo kama hilo juu ya nyumba yako?

Darasa lenu lingemsaidiaje mjukuu huyo, hasa katika habari ya ada?