Mwachie Mwenye Habari Habari Yake, Kisha Simama Naye

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu zangu waumini, akina papa, akina mama mlioko upande wa nyuma, nanyi vijana mliofunga butiki mkaja mbio: sisi wa Birere, hapa Goma, ni watu wa soko, basi leo naanza na habari ya soko.

Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa bado kijana, hajapewa utume, siku mfanyabiashara mmoja kutoka Zabid, Yemen, alipoingia Makka na bidhaa zake. Akamuuzia al-As bin Wail, mmoja wa wakubwa wa Kikureshi. Al-As akachukua mali, akakataa kulipa. Yule mgeni akaenda kwa koo zilizokuwa na mapatano na al-As kuomba msaada, wakamfukuza. Hakuwa na ukoo pale wala mtu wa kumwogopesha tajiri kwa ajili yake. Basi akapanda jabali la Abu Qubais, lililo juu ya Kaaba, saa ambayo Makureshi wamekaa kwenye baraza zao, akapaza sauti na kueleza dhuluma yake kwa kinywa chake mwenyewe, kila mtu akasikia.

Aliyeinuka ni Zubair bin Abdul-Muttalib, ami yake Mtume. Wakakusanyika nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kwamba hatadhulumiwa mtu ndani ya Makka, awe mwenyeji awe mgeni, ila watakuwa upande wake mpaka haki yake irudi. Kisha wakaenda mpaka kwa al-As, wakaichukua mali ya yule mtu, wakamrudishia. Kiapo hicho kinaitwa Hilf al-Fudhul. Mtume alikuwepo pale, na baada ya Uislamu alieleza kuwa asingekubali kubadilishana nafasi ile hata kwa ngamia wekundu, na kwamba lau angeitwa tena kwenye kiapo kama kile, angeitikia.

Tazameni jinsi mambo yalivyokwenda. Mwenye jambo alisema mwenyewe. Hakuna aliyemwambia ashuke mlimani wamsemee wao, wakaipunguza habari hapa na kuitia chumvi pale. Na walioitika hawakuishia kumhurumia. Walikwenda kugonga mlango wa mtu wao wenyewe, mwenzao wa baraza moja, ambaye kesho yake wangehitaji kufanya naye biashara. Kumsimamia mgeni kuliwagharimu.

Sasa tuje kwetu. Nendeni mpakani Petite Barrière asubuhi, mtawaona ndugu zetu wenye ulemavu wakielekea Gisenyi, upande wa Rwanda, na kurudi kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Mikono inazungusha pedeli, nyuma gunia limepandana na gunia mpaka mwenye baiskeli haonekani, kijana mmoja au wawili wanasukuma. Mji huu unakula kwa mikono ile. Lakini habari yao nani anaisimulia? Tunayoisikia kwenye depo ni ile ya wenye mizigo: kwamba watu hawa ni wakali, wana kelele, wanapenda kupigana barieri. Na wageni wenye kamera wanakuja na habari nyingine, ya maskini wa kuonewa huruma. Zote mbili zimesemwa na watu wasiokaa kwenye kile kiti.

Muulize mwenyewe. Mzigo wako ukikamatwa, hasara inamwangukia nani? Mvua ikimnyeshea na unga ukalowa, nani analipa? Mnapopatana bei ya kuvusha, yeye anapata nafasi ya kusema neno, au unamtajia bei ukiwa umeshageuza mgongo? Machi 2020 mpaka ulipofungwa kwa sababu ya Korona, biashara yao ilisimama, wao na akina mama wanaovuka na beseni za mboga. Kati yetu sisi tunaowatumia kila siku, ni wangapi waliokwenda nyumbani kwao kuuliza kama watoto wamekula?

Ndugu zangu, kuna mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume. Akafariki, masahaba wakamzika bila kumpa Mtume habari. Mtume alipomkosa akauliza. Walipomwambia amekufa, akawauliza kwa nini hawakumjulisha. Walikuwa wameliona jambo lake ni dogo. Akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamswalia. Kosa lao lilikuwa nini hasa? Hawakumtukana wala hawakumdhulumu mali. Waliamua tu kwamba habari yake haifai kufikishwa kwa mkubwa. Uamuzi huo tunaufanya kila siku katika mtaa huu: kifo cha mwenye depo kinatangazwa mpaka Bukavu, kifo cha mbeba mizigo kinajulikana na wale waliobeba jeneza.

Nakuja kwenye jambo zito zaidi, na naomba tusikilizane kwa utulivu. Katika mji huu mtu anaweza kuhukumiwa kwa pua yake, kwa urefu wake, kwa namna anavyotamka neno. Novemba 2023, huku Goma, askari wa jeshi la taifa aliuawa na umati na mwili wake ukachomwa moto, kwa sababu ya kabila walilomwona nalo usoni. Watu walipiga picha kwa simu. Picha zile zilifika pia kwenye simu za wanaoswali. Na kabila jingine nalo lina siku zake za kunyooshewa kidole, kutegemea bunduki ziko mikononi mwa nani wiki hiyo. Muhunde, Munande, Mushi, Mututsi, Muhutu: kila mmoja wetu ana kundi ambalo habari zake anazipokea bila kuuliza shahidi.

Allah katika Suratul Hujurat ametuamuru tuihakiki habari inayoletwa na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Katika sura hiyohiyo akakataza watu kudharau watu, na akatukumbusha kwamba ametuumba mataifa na makabila ili tujuane. Na Mtume alifundisha kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo kusimulia kila anachosikia. Simu yako ina kila unachosikia. Ukiisukuma sauti ya WhatsApp ya mtu usiyemjua inayosema kabila fulani wanaficha silaha, umeshasimulia, hata kama hukufungua mdomo.

Sisi Waislamu wa Kivu Kaskazini ndio tulipaswa kulijua hili kuliko wote. Sisi ni wachache nchini humu. Wauaji wa kundi la ADF wanachinja watu huko Beni na Ituri na kulitaja jina la dini yetu, na mwenye kanzu asiye na hatia anatazamwa kwa jicho la shaka mpaka ndani ya teksi. Habari yetu inasimuliwa na wauaji upande mmoja na wenye hofu upande wa pili. Sheikh Ali Amini wa Beni alisimama hadharani akawapinga wauaji hao. Tarehe 1 Mei 2021, ndani ya Ramadhani, alipigwa risasi msikitini wakati wa swala ya usiku. Allah amrehemu. Alisimama na wanakijiji waliokuwa wakichinjwa, na wengi wao walikuwa Wakristo. Ukitaka kujua kumsimamia mtu asiye wako kunafananaje, mtazame yeye.

Basi unapoumia jirani yako Mkristo anaposema Waislamu wote ni wamoja na wale wa msituni, na unapotamani kuwe na mtu mmoja pale kwenye butiki wa kusema "hapana, mimi nakaa nao, nawajua", elewa kwamba na Mututsi anamtamani mtu huyo, na Muhutu anamtamani, na mkimbizi aliyetolewa kambi ya Bulengo anamtamani. Mtume aliahidi kwamba anayeilinda heshima ya ndugu yake asipokuwepo, Allah atamwokoa na Moto. Asipokuwepo. Mbele yake kila mtu ni rafiki. Mtihani ni pale alipoondoka, watu wanacheka, na wewe ndiye muuza duka ambaye hutaki kumuudhi mteja.

Nanyi vijana mnaofanya kazi na mashirika na waandishi wa habari, mnaowatafsiria wageni maneno ya wakimbizi: mama akisimulia yaliyompata, msimfupishie. Akisema jina lake lisiandikwe, lisiandikwe. Akikataa picha, funikeni kamera hata kama mgeni amesafiri mbali. Na akitaka kuzungumzia shamba lake la Masisi na mbuzi aliowaacha badala ya yale mnayotaka nyinyi kuyasikia, kaeni chini msikilize habari ya mbuzi. Yeye ndiye anayejua habari yake inaanzia wapi.

Jambo la mwisho ni kwa wenye depo. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipofika mjini na mabenki yakafunga milango, mji huu ulikula kwa mikopo ya kuaminiana, na aliyekuwa hajulikani ndiye aliyekosa wa kumdhamini. Leo baada ya swala naomba mbaki kidogo uani. Wawakilishi wa wale wenye baiskeli za magurudumu matatu tumewaalika, Waislamu na wasio Waislamu. Watazungumza wao kwanza, juu ya bei, juu ya mzigo unaokamatwa, juu ya malipo yanayocheleweshwa. Mtu asiwakatize. Wakimaliza, kila mwenye depo aseme atabadilisha nini kuanzia Jumamosi, na karani wa msikiti aandike.

Wa swalla Allahu ala nabiyyina Muhammad. Simameni tunyooshe safu.