Umoja Wenye Nafasi: Swali la Falsafa katika Sakafu ya Pevingi

Miongoni mwa maswali kongwe ya falsafa ni lile la kitu kizima na sehemu zake: je, kilichoundwa na vitu vingi kina nguvu isiyokuwamo katika kimojawapo, na kama kinayo, nguvu hiyo ni mali ya nani? Aristotle, katika Metafizikia, alitenganisha lundo na silabi, akieleza kwamba lundo ni jumla tu ya vilivyomo, ilhali silabi, ingawa imetokana na herufi, ni kitu kingine kwa sababu ya namna herufi hizo zilivyoungana. Mkoani Pwani, ambako maghala, viwanda na yadi za makontena vinazidi kuongezeka, tofauti hiyo huonekana kwa macho katika vitofali vya zege viitwavyo pevingi, ambavyo vikirundikwa kando ya yadi ni lundo, na vikiisha kupangwa, kujazwa mchanga na kushindiliwa huwa sakafu inayobeba malori.

Kitofali cha kawaida kina urefu wa milimita 200 na upana wa milimita 100. Unene wake ni milimita 60 kwenye njia za miguu, 80 panapopita magari, na mara nyingi 100 kwenye yadi za mizigo mizito. Hulazwa juu ya tabaka jembamba la mchanga, nalo hukaa juu ya msingi wa kokoto ulioshindiliwa, ambao kwa kazi nzito huchanganywa na saruji. Mpangilio unaostahimili zaidi misukosuko ya magurudumu yanayokata kona na kufunga breki ni ule ambao kila kitofali hukingama na mwenzake, kama ukili wa mkeka ulivyosukwa, kwa kuwa hapo hakuna mstari mmoja mrefu ambao sakafu nzima inaweza kuteleza kuufuata. Jambo la kushangaza ni kwamba fundi asiyeijua kazi huvibananisha vitofali visiache hata upenyo, akidhani kwamba ndivyo vitakavyoshikana. Kumbe kingo zikigusana zege kwa zege humeguka, na kinachopitisha mzigo kutoka kitofali hadi kitofali ni mchanga uliojaa kwenye upenyo wa milimita 2 hadi 5. Umoja wa sakafu hii, kwa hiyo, unategemea nafasi, na tena unategemea mpaka, kwani pasipo mawe ya ukingo vitofali vya pembeni husogea kidogo kidogo mpaka upenyo unapanuka, mchanga unatoka, na kila kimoja kinabaki peke yake chini ya gurudumu.

Umoja wa namna hiyo umo pia katika mafundisho ya dini. Waislamu wa Kisarawe, mkoani humo, kama wenzao kote pwani, wanaifahamu hadithi iliyopokewa na Abu Musa al-Ash'ari, inayowafananisha waumini na jengo ambalo sehemu zake huimarishana, na inayosimulia kwamba Mtume (S.A.W.) aliingiza vidole vya mkono mmoja kati ya vidole vya mkono mwingine ili kuibainisha maana yake. Wahubiri wengi huishia kwenye jengo na kuvipita vidole, ilhali vidole ndivyo vinavyosema zaidi, kwa sababu haviwezi kuingiliana ila pale ambapo vimeachana, na baada ya kuingiliana kila kimoja kinabaki kidole. Umoja wa namna hii si ule wa zege la kumwaga, ambalo chembe zake hupoteza mipaka yao; na hata zege hilo, wahandisi hulikata viungo kwa makusudi, maana lisipoachiwa nafasi ya kusinyaa hujipasulia lenyewe nafasi hiyo. Aidha, panapohitajika kupitisha bomba chini ya yadi, vitofali hung'olewa na kurudishwa mahali pake, wakati zege halina njia ila kuvunjwa.

Historia ya Tanzania imelipitia swali hili kwa gharama. Katika andiko lake la mwaka 1962, Julius Nyerere aliuelezea ujamaa kuwa kwanza ni hali ya moyo, yaani mwelekeo wa mtu kwa mwenzake. Lakini Novemba 1973 kuishi vijijini kulitangazwa kuwa amri, na katika Operesheni Vijiji iliyofuata watu wengi walihamishwa kwa nguvu, wengine wakaacha nyumba na mashamba yao. Kosa la operesheni hiyo halikuwa kuwataka watu waishi pamoja. Lilikuwa kubananisha pasipo upenyo, kana kwamba ukaribu wa nyumba ungeleta mshikamano wenyewe. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwasi Gyekye, alipotetea ujumuiya wa wastani, yaani msimamo unaoithamini jamii bila kuzifuta haki za mtu mmoja, alikuwa akiutetea upenyo huo.

Hata hivyo mfano huu una kikomo. Katika bandari kavu ya Kwala, wilayani Kibaha, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 31 Julai 2025, na katika yadi yoyote ya aina hiyo, kontena halilali kwa tumbo lake lote. Husimama juu ya pembe nne za chuma, kila moja ikiwa na takriban milimita 178 kwa 162. Kontena lenye uzito wa tani 30 huteremsha tani 7 na nusu hivi katika kila pembe, juu ya eneo lisilofikia vitofali viwili, na makontena yakipangwa kwa kupandishana uzito huo huongezeka kwa kila kontena la juu. Mzigo wa kusimama namna hii haupiti upesi kama gurudumu, na majirani hawawezi kuugawana wa kutosha. Ndiyo maana yadi nyingine hujengewa mikanda ya zege mahali pembe zinapokaa, kwa kukiri kwamba si kila uzito unaofaa kuachiwa mshikamano. Ndivyo ilivyo pia kwa watu: mkulima wa korosho wa Chole, Kisarawe, ambaye amekwisha kupeleka magunia yake ghalani na anaombwa msimu baada ya msimu astahimili makato na subira ya malipo kwa jina la ushirika, ana haki ya kuuliza kama anashiriki mzigo na wenzake au amewekwa chini ya pembe. Kiongozi wa dini au wa ushirika anayemjibu kwa kumsomea hadithi ya jengo, bila kwanza kukagua pembe hiyo imesimama wapi, ameitumia hadithi hiyo isivyo haki.