Ndiyo Iliyoandikwa Jana

Swali tunaloliweka mbele ya wasomaji wetu ni hili: mtu akiandika jibu kabla hajaulizwa, je, siku ya kuulizwa amejibu yeye?

Mfano twautwaa katika programu iitwayo SIMH, iliyoanzishwa na Bob Supnik mwaka 1993 ili kompyuta za kale zisisahauliwe. Ndani yake kompyuta ya PDP-11, iliyotoka Marekani mwaka 1970, hufanya kazi tena bila chuma wala waya wake. Zamani mtumiaji alisimama mbele ya mashine akigeuza swichi moja moja. Leo huandika neno DEPOSIT na tarakimu zake, na kumbukumbu ya mashine huzipokea. Diski nayo ni faili tu, huunganishwa kwa neno ATTACH. Amri zote hizo zaweza kupangwa katika maandishi, zikatekelezwa kwa neno moja, DO, na mwenyewe akaenda kulala.

Hapo hapana ubaya. Taabu imo katika maneno mawili yaliyoongezwa baadaye, EXPECT na SEND. La kwanza huingoja mashine itamke sentensi fulani. La pili huipelekea jibu lililokwisha andikwa. Basi mfumo wa RT-11, ukiamriwa kuitayarisha diski upya, huuliza kwanza kama mtu ana hakika. Waliolitunga swali hilo walikusudia kumshika mtu mkono, afikiri tena. Sasa swali lakutana na maandishi, nayo hayana moyo wa kusita. Yasema ndiyo, na orodha ya mafaili yafutwa, hata ikiwa ni nakala ya pekee ya kazi ya watu waliokwisha kufariki.

Wako wasemao kwamba mashine ndiyo iliyofuta. La hasha! Mashine ilitii, tena iliuliza. Wengine humlaumu mwandishi wa amri. Hoja hiyo ina uzito, lakini maandishi haya hupita mkono kwa mkono, na huenda mwandishi alikuwa na diski tupu. Kwake ndiyo ile ilikuwa kweli. Ayatumiaye juu ya diski nyingine bila kuyasoma ndiye atoaye idhini asiyoijua. (Wosia nao huandikwa mapema, lakini mwenye kuusia huwa ameitaja mali yake.)

Iko herufi moja, r, ambayo ikitiwa pamoja na ATTACH huifanya diski isomeke tu, isiandikike. Sisi twaiandika kwanza. Na penye swali la hakika twaacha pengo, mashine ingoje mtu. Kazi huchelewa hadi asubuhi.